Usiku wa Ijumaa ni usiku upi?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Songea, nafanya kazi hapa Dar na naishi Kimara. Nimechumbia Magomeni. Mwezi uliopita mama mkwe mtarajiwa alinipigia simu akaniambia, 'Baba, hitma ya babu yao ni usiku wa Ijumaa, usikose.' Ijumaa nikatoka kazini, nikanunua mchele na kilo tano za sukari, nikafika baada ya Isha. Nikakuta masufuria yameoshwa na kupinduliwa uani. Hitma ilisomwa Alhamisi! Mama hakunigombeza, alicheka tu, lakini mashemeji wamenipa jina, wananiita Bwana Kiporo.*

*Naomba kujua: mama alikosea, au kuna Kiswahili ambacho mimi sikufundishwa? Mimi ni Muislamu, ila shule nimesoma za bweni na nyumbani kwetu hatusemi hivyo. Mwenzangu kazini anadai 'siku' ni neno la Kiarabu, na 'usiku' ni kinyume chake tu, kwa hiyo haiwezekani usiku utangulie siku yake. Tena sasa tunaandaa kadi za harusi na wakwe wanataka iandikwe 'usiku wa Jumapili'. Niandike vipi watu wasipotee kama mimi? Na mwisho, juzi mama ametaja 'mtondogoo'. Ndiyo lini?"*

Marahaba, mwanangu. Pole na hilo jina. Majina ya mashemeji hayafutiki, mtu huyazoea tu. Lakini wasiwasi wako mkubwa nauona uko kwingine: unaogopa kwamba ama mama hajui Kiswahili ama wewe hujui. Ondoa hofu. Kwa mama, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua linapozama na kutoka Ijumaa alfajiri. Kwako ni ule unaoingia Ijumaa jioni, baada ya Ijumaa yenyewe kwisha kazi yake. Kati ya usiku huu na ule kuna saa 24 kamili, ndiyo maana hukuwahi hata dua ya kufunga; ulikuta masufuria yamepinduliwa.

Usiku wa mama ndio mkongwe. Wako umekuja na shule, ofisi na kalenda ya ukutani.

Nianze na huyo mwenzako wa kazini, kwa sababu kosa lake ndilo limebeba mambo mazuri zaidi. Simlaumu kudhani siku ni neno la Kiarabu. Ukichota maneno yetu ya wakati kwa mkono mmoja, mengi yanayokuja ni ya huko: saa, dakika, wakati, muda, tarehe, karne, alfajiri, adhuhuri, magharibi. Mtu akishahesabu hayo, siku nayo anaitupia kapuni humo humo. Lakini Mwarabu siku anaiita *yaum*, na usiku anauita *leil*. Hiyo *leil* unaifahamu: ndiyo iliyo ndani ya Lailatul Qadri, na ndiyo inayoitwa kwa sauti ndefu kwenye taarabu, "yaleli, yaleli", yaani ewe usiku. Siku haimo. Siku ni yetu, ya Kibantu, na ilikuwa huku kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.

Ushahidi wake uko kwa jirani zetu. Mchewa wa Malawi siku anaiita *tsiku*, na usiku anauita *usiku*, kama sisi. Mzulu siku ni *usuku*, usiku ni *ubusuku*. Mkikuyu usiku ni *ũtukũ*, na akitaka kusema siku nyingi husema *matukũ*. Msukuma usiku ni *bujiku*. Na Mbemba wa Zambia ana jambo la kuchekesha kidogo kwa mgeni: *ubushiku* kwake ni usiku, na ni siku pia, utajua mwenyewe kwa mwendo wa maneno. Lugha hizi hazikukopeshana neno hili juzi. Zimelirithi zote kwa mama mmoja. Wanaisimu huandika mzizi wake *-tiku*. Ile *t* yake imegeuka *s* kwetu kwa sababu ya irabu *i* nyembamba iliyokaa mbele yake, mchezo ule ule unaouona mtu *anayefuata* akawa *mfuasi*, na *anayeteta* akawa *mtesi*. Huo ni utaratibu wa sauti, haukuja kwa bahati.

Sasa angalia maana ya mzizi huo. Katika lugha nyingi za ndugu zetu, ulipobaki peke yake bila kuchipuza neno la pili, unamaanisha usiku. Maana ya giza ndiyo ya chini kabisa, na maana ya "kutwa na kucha, jumla ya saa 24" imejengwa juu yake. Mwenzako amekamata mkia akidhani ni kichwa. Usiku haukutengenezwa kwa kuikanusha siku. Ile *u-* ya mwanzo haikanushi kitu, kama isivyokanusha katika *utoto* au *uzee*. Ni kiambishi cha kale, *bu-*, unachokiona bado kizima katika *bujiku* ya Msukuma na *ubusuku* ya Mzulu. Siku ndiyo iliyotoka ndani ya usiku.

Unaweza kuona ni ajabu kuita kutwa nzima kwa jina la giza. Basi rudi kwenu Songea, ukamsikilize mzee yeyote anayesema Kingoni cha nyumbani. Siku kwake ni *ligono*, na siku nyingi ni *magono*. Na kulala je? *Kugona.* Yaani bibi yako akisema kazi ya shamba imechukua magono matatu, anakwambia kuwa watu walilala mara tatu. Neno ni jingine kabisa na mzizi ni mwingine kabisa, lakini fikra ni ile ile: siku huhesabiwa kwa usiku wake. (Hao wahenga zako waliotoka kusini na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 walikuja na *usuku* na *ubusuku* zao mdomoni. Hapa walipotulia wakachukua maneno ya wenyeji, hesabu wakaikuta haijabadilika.) Ulimwengu nao una wenzetu wengi katika hili. Hata Waingereza wana neno la wiki mbili ambalo asili yake ni "usiku kumi na nne", ingawa ukimuuliza Mwingereza wa leo huenda hajawahi kulifikiria.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mchana hauna umbo moja. Unaamka, unalima, unakula, unapumzika, unasafiri, unarudi. Ukiutazama mchana hujui ukate wapi. Usiku ni mmoja na una mipaka: giza limeingia, watu wamelala, kumekucha. Msafiri wa zamani aliyetoka bara kuja pwani alikumbuka kambi alizolala. Nami nikisikia watu wa Rufiji au Kilwa wakisema "tulilala njiani mara mbili" wakimaanisha safari ya siku tatu, nasikia hesabu hiyo hiyo bado inafanya kazi.

Hapa niweke alama moja, maana wapenda lugha wengi hulirukia hitimisho. Kwamba babu zetu walihesabu siku kwa usiku, hiyo peke yake haithibitishi kwamba siku yao ilianza jua likizama. Unaweza kuhesabu nyumba kwa paa zake bila kudai kwamba nyumba huanza kujengwa juu. Kanuni ya kwamba siku inaingia magharibi, hii iliyokukosesha pilau, imekuja pwani na Uislamu, na imekuja kwa njia ya mwezi.

Mwezi wa Kiislamu huanza kwa kuandama. Watu wanasimama ufukweni au juu ya paa, jua limetoka kuzama, wanatazama magharibi wauone ule ukucha mwembamba. Ukionekana, mwezi mpya umeingia pale pale. Sasa fikiri: kama mwezi umeingia saa 12 na nusu jioni, basi tarehe mosi nayo imeingia saa 12 na nusu jioni, na kipande chake cha kwanza ni usiku. Mchana utafuata. Huwezi kuwa na mwezi unaoanza magharibi na siku zinazoanza alfajiri, hesabu itavuja. Kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake, na jina la siku huukuta usiku tayari umeketi.

Tena hili wewe unalitenda kila mwaka bila kujijua. Mwezi wa Ramadhani ukiandama Jumatano jioni, tarawehe ya kwanza unaisali lini? Jumatano hiyo hiyo usiku, kabla hujafunga hata saa moja. Hakuna anayekuuliza "mbona unasali tarawehe na Ramadhani ni kesho?" Ramadhani imeshaingia. Na ule usiku wa mwezi 27, watu wanapojaa misikitini, huwa ni baada ya kufuturu funga ya 26, wala hawangoji magharibi ya pili yake. Mama mkwe wako amechukua kanuni unayoitumia mwezi mmoja kwa mwaka akaitumia miezi yote 12. Ndiyo maana pia nyumba nyingi za Magomeni, Ilala na Kariakoo zinanuka udi Alhamisi jioni, na Yasini husomwa hapo: huo ndio usiku wa Ijumaa wenyewe, na Ijumaa ndiyo imeingia.

Usidhani haya ni ya Waislamu tu, majirani zenu Wakristo wasije wakakucheka nao. Biblia yao inaanza hivyo hivyo, katika Mwanzo: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni imetangulia. Mkatoliki akienda misa ya Jumamosi jioni amekwishatimiza ya Jumapili, na mkesha wa Krismasi au wa Pasaka ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Neno *mkesha* nalo ni la ukoo mmoja na *kukesha* na *kucha*, na *kesho* imo katika ukoo huo: ni ile inayokuja kukicha.

Ukiitazama saa ya Kiswahili utaona alama za jambo hili kila siku. Watu hunishitakia kwamba saa yetu "iko nyuma kwa saa sita". Haiko nyuma ya mtu. Inahesabu kutoka pale jua linapofanya kitu, ilhali saa ya Kizungu inahesabu kutoka katikati ya giza ambako hakuna linalotokea zaidi ya mbwa kubweka. Hapa Dar, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo. Haliendi mbali. Kwa hiyo saa 12 jioni inafunga hesabu, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya kilichofuata. Mtu wa pwani aliyesema "saa moja, usiku wa Ijumaa" alikuwa anafungua daftari jipya.

Na majina ya siku zenyewe? Hapa nipite haraka, ingawa kuna kituko kimoja siwezi kukiacha. Jumamosi ni mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano pia, kwa sababu Mwarabu anaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano, tena zimepakana, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Turudi kwako. Kama usiku wa mama ni mkongwe hivyo, wewe ulipotezwa na nini? Na serikali, kwa maana nzuri. Ofisi, mahakama, benki, hospitali na shule hubadilisha tarehe saa sita usiku. Mtoto akizaliwa Temeke Alhamisi saa nne usiku, cheti kitaandikwa Alhamisi. Bibi yake akisikia atasema mtoto kazaliwa usiku wa Ijumaa, na atamwita Juma. Wote wawili wako sawa, na Juma ataishi maisha yake yote akieleza kwa nini ana jina la siku ambayo haimo kwenye cheti chake.

Tena kuna hesabu ya tatu, ambayo haikuandikwa popote lakini ndiyo ya vijana wote wa mji huu: siku huisha utakapolala. Saa nane za usiku, muziki bado unapiga Sinza, mtu anakwambia "leo Ijumaa sijala kitu", na kalenda imeshahamia Jumamosi saa mbili zilizopita. Kwake Ijumaa itaisha atakapofika nyumbani akavua viatu. Simwiti mjinga. Ni yule yule babu wa magono, ila anachelewa kulala.

Mimi mwenyewe, niliyekaa miaka nikipanga maana za maneno haya, hesabu hizi zimenitia hasara. Tiketi yangu ya ndege iliandikwa tarehe 12, saa 00:30. Nikaona, tarehe 12 usiku, saa sita na nusu, vizuri. Nikafunga begi langu tarehe 12 mchana bila haraka, nikaagana na watu, nikafika uwanjani saa tatu usiku mapema kabisa nikijipongeza. Ndege ilikuwa imeondoka saa karibu 21 zilizopita. Yule binti wa kaunta alinitazama kwa macho ya mashemeji zako. Tangu hapo, nikiona tiketi ya saa zinazoanza na sifuri, najiuliza swali moja: jioni ipi natoka nyumbani? Jibu huwa ni jioni ya tarehe iliyotangulia.

Ndiyo maana lugha imejitengenezea dawa, na dawa hiyo unaisoma magazetini kila wiki: *usiku wa kuamkia*. Tazama kitenzi kilivyofanya kazi. *Amka* limepewa *-i-*, likawa *amkia*, yaani kuamka ukiwa umeelekea mahali au siku fulani. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni ule ukilala humo, unaamkia Ijumaa. (Kitenzi hicho hicho ndicho cha kuamkia wazee, kwa sababu salamu ya kwanza ya mtu ni kuuliza mwenzake kaamkaje. Umeniamkia, nami nimeitika.) Usiku huo ni ule ule wa mama mkwe wako. Mwandishi wa habari ameongeza kitenzi tu ili mtu wa Songea asipotee.

Wanafunzi wangu huipinga ile ya "usiku wa kuamkia jana", wakisema inachanganya. Haichanganyi ukiifuata polepole: tuseme moto umetokea usiku, wewe ukalala, ukaamka, na siku uliyoamkia ni jana. Basi ni usiku ulio kati ya juzi na jana. Ni maneno manne yanayotaja usiku mmoja na hayaachi upenyo. Mimi nayapenda kuliko "juzi usiku", maana juzi ina usiku mbili, ya kuingia na ya kutoka, na kila msomaji atachagua wake.

Sasa kadi za harusi. Wakwe wanataka "usiku wa Jumapili", na nadhani wanamaanisha Jumamosi jioni, lakini usidhani kama mimi, nenda ukathibitishe. Una njia kadhaa. Ukiandika "usiku wa Jumapili" kama walivyosema, wazee wa Magomeni watafika kwa wakati na nusu ya wageni wako wa Kimara, Mbezi na Songea watakuja kesho yake kukuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Ukiandika "Jumamosi usiku", vijana wataelewa, ila baadhi ya wazee wanaweza kufikiria Ijumaa jioni, na mzee aliyevaa kanzu akakuta ukumbi umefungwa ni laana ndogo. Mimi ningeandika hivi: "Jumamosi, tarehe 14, kuanzia saa moja jioni (usiku wa kuamkia Jumapili)". Tarehe na siku zinamtosha mtu wa ofisi. *Kuamkia* inamtosha mzee. Na wakwe wataiona Jumapili yao imo kwenye kadi, hawatasema umeikataa lugha yao. Najua saa moja wengine wataiita ya usiku na si ya jioni. Andika jioni. Neno jioni halina ugomvi, kila mtu anajua ni mwisho wa mchana ule ule, halirukii upande wa pili.

Ukialikwa kwa mdomo, fanya rahisi zaidi. Usiulize "usiku wa Ijumaa ni lini?", maana utakuwa umemrudisha mama darasani, na mkwe harudishwi darasani. Uliza kwa mchana: "Mama, nitoke kazini Alhamisi nije moja kwa moja?" Atasema ndiyo au hapana. Mchana haugombaniwi, Alhamisi saa tisa alasiri ni Alhamisi kwa Muislamu, kwa Mkristo, kwa karani na kwa mlevi.

Hayo ni ya pilau na kadi. Kuna mahali hesabu ya siku si ya kucheka, na huko usitegemee jibu langu wala la mwenzako wa kazini. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na hata hapo wafasiri wa Qurani wanaeleza kuwa lile neno "kumi" kwa Kiarabu limekuja katika umbo linaloafikiana na usiku, yaani Waarabu nao walikuwa wanahesabu kwa usiku. Mume akifariki Alhamisi baada ya magharibi, cheti cha kifo kitasema Alhamisi na hesabu ya dini itasema Ijumaa, tena miezi yenyewe ni ya kuandama na si ya ukutani. Eda ya talaka nayo ina hesabu yake tofauti, na akika ya siku ya saba ina maelezo ya kimadhehebu kuhusu kama siku ya kuzaliwa huhesabiwa. Likikufikia jambo la namna hiyo, nenda mwenyewe kwa sheikh wa msikiti wenu au ofisi ya kadhi ya BAKWATA, ueleze siku na saa kamili, wala usipeleke tarehe peke yake. Na upande wa pili: ukipewa notisi ya kuhama nyumba, au muda wa kukata rufaa, "siku 30" za sheria zina kanuni zake za kuanza na kuisha. Chukua karatasi yako uende kwa wakili mapema, siku ya kwanza kabisa, kabla hujaanza kubishana na mtu kama siku ya kupokea barua inahesabiwa au haihesabiwi. Kamusi haimwokoi mpangaji.

Kama ni neno tu linakusumbua, kama lilivyokusumbua hili, BAKITA wako hapa hapa mjini na hupokea maswali ya watu, na Mlimani kuna taasisi ya Kiswahili ambako utakuta watu wanaofurahia kugombana juu ya herufi moja asubuhi nzima.

Bado hiyo mtondogoo. Pwani hatukuishia kesho kutwa. Baada ya kesho kutwa kuna mtondo, na baada ya mtondo kuna mtondogoo, siku ya nne kutoka leo. Vijana wa mjini wameyaacha maneno hayo, wanasema "siku nne zijazo" kana kwamba wanalipwa kwa neno. Basi kama leo ni Jumatatu, kesho ni Jumanne, kesho kutwa Jumatano, mtondo Alhamisi, na mtondogoo ni Ijumaa. Na mama akikupigia simu Jumatatu hiyo akakwambia uje *usiku* wa mtondogoo, ujue ni Alhamisi jioni, na sukari inunue Jumatano.